Baba alifunga menyu akasema ameshakula

Yaya, mukubwa wangu, jambo sana. Mi ni mutoto wa tatu ku nyumba yetu, tuko batano, naandika toka Likasi. Mwisho wa mwezi wa 6 baba na mama banatimiza miaka 50 ya ndoa, jubile ya dhahabu. Padri alishaitika, misa ya shukrani itakuwa siku ya posho (jumamosi) asubuhi, ile haina shida. Shida iko ku chakula. Sisi batoto tulipatana kama siku ya Mungu (jumapili) yenye inafuata tutabapeleka Lubumbashi bakule chakula cha magaribi kwa restora ya maana, na toka ile siku tulipatana hakuna tena amani mu grupu yetu ya WhatsApp.

Kaka mukubwa anaishi kule Lubumbashi, ku Kampemba, yeye anataka resto moja ya katikati ya muji, juu iko na mataa ya rangi na kila mutu anapigaka foto pale. Dada yetu wa Kolwezi, mwenye bwana yake anatumika ku mine, mugodi, anasema hapana, bazee banapenda michopo, nyama ya kuchoma, tubapeleke kwa nganda moja, baa ya nje, ku komini ya Kenya pale pale Lubumbashi, kwenye banachomaka mbuzi muzuri sana, viti vya plastiki, muziki, basi. Mudogo wetu wa mwisho anasema oteli kubwa, bila kusema oteli gani na bila kusema makuta, pesa, itatoka wapi. Mi niko katikati. Yote tulichanga ni dolari 300, na tutakuwa bantu 9: bazazi, sisi batano, bwana ya dada, na dada yake baba.

Sasa nikuambie kitu chenye kinaniuma. Miaka mbili iliyopita tulibeba baba kwa resto moja kule kule Lubumbashi, siku kaka alipata mutoto. Tulikuwa na furaha. Serveri akaleta menyu, zile kubwa za ngozi, akagawia kila mutu yake. Baba akavaa miwani, akaanza kusoma polepole na kidole, na mi nilikuwa naangalia ile kidole: ilitembea tu upande wa bei, toka juu mpaka chini, haikuenda ata mara moja upande wa vyakula. Kisha akafunga menyu, akaiweka pembeni ya sahani muzuri muzuri, akavua miwani, akasema, "Mi nilishakula, muniletee tu maji." Hakukula, Yaya. Tulikula mbele yake juu tulishakomande, na kila tonge lilikuwa linanikwama mu shingo. Tukarudi kwa kaka karibu saa ine ya usiku, bantu banalala, nikasikia mufuniko wa sufuria ku jikoni, kwenda kuangalia nakuta baba amesimama mu giza, anakula bukari (ugali) baridi ya muchana na sombe (majani ya muhogo), na mukono, bila kuwasha taa. Aliponiona akacheka kidogo, akasema, "Enda ulale."

Baba alitumika Gécamines, kampuni ya madini, ku kiwanda cha Shituru, mpaka 2003. Ni muzee wa heshima yake, hakuna mutu alimulishaka bure. Naogopa tutamupa ile haya mara ya pili, na mara hii itakuwa jubile yake. Njo maana moyo wangu unavutwa ku nganda ya michopo, pale ata bei haiandikwake, baba atakuwa huru. Lakini meno yake yalishabakia kidogo, na mama iko na ugonjwa wa sukari, anajidungaka sindano mbele ya kula, na ku nganda mbuzi unaweza kuingojea masaa mbili.

Mama yeye hana shida, anaitikaka kila kitu. Zamani, miaka ya 80, tulikuwa mu bisi na ile bisi ikapita mbele ya Karavia, ile oteli kubwa ya Lubumbashi, akamuuliza baba, "Mule ndani banakulaka nini?" tukacheka wote. Lakini ile ni mambo ya zamani.

Unishauri Yaya. Tuchague resto gani? Na tufanye je baba akule?

Mutoto wa tatu, Likasi


Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia pale kwa sufuria ya bukari baridi, siwezi kukuficha. Mara ya pili nikaona kitu kingine. Baba yako umempa barua karibu yote, mama yako umempa mistari mitatu ya mwisho, na ni katika hiyo mistari mitatu njo jibu limelala. Uliniuliza resto gani. Mama yako alishaitaja. Aliitaja kwa dirisha la bisi, miaka arobaini imepita, na wote mkacheka.

Mwanamke mwenye anaitikaka kila kitu, siku moja anauliza swali moja, na lile swali wewe uliyekuwa mtoto mdogo unalikumbuka mpaka leo, mpaka unaniandikia. Mi siamini kama ni mambo ya zamani. Wapelekeni Karavia, kule mtaa wa Golf, kando ya ziwa. Hata kama mtakula kidogo, wapelekeni pale.

Najua umeshashtuka, dolari 300 na watu 9. Dolari 300 kwa watu 9 ni kama dolari 33 kwa kichwa, na hapo hujaweka maji, sukre (soda), kahawa, wala TVA, ile kodi ya serikali juu ya bei. Hii TVA iko kwetu tangu 2012, ni 16 kwa 100, na kuna resto zenye zinaandika bei bila hiyo, unaikuta chini kabisa ya fakitire, karatasi ya malipo: mtu alihesabu 300 anaambiwa 348, watoto wanaanza kuangaliana, huyu anatafuta mfukoni, yule anaenda pembeni kupiga simu, na mzee wenu anaona yote. Kwa hiyo msiende watu 9. Nalisema waziwazi juu mi naona mnagombana kuchagua resto na bado hamjachagua watu, na watu wanachaguliwa kwanza, resto njo inafuata.

Siku ya posho, misa ikiisha, pale pale Likasi ku parsele, nyumbani kwa wazazi, hiyo njo siku ya wote. Michopo, bukari, kinywaji cha munkoyo, dada yake baba akae kwa kiti cha mbele, wajukuu, majirani, watu wa kwaya. Dada yenu wa Kolwezi apewe siku ile mkononi, si alitaka mbuzi? Achome mbuzi wake hapo hapo, na nyama ya wazee aichemshe kwanza mpaka ilainike ndipo aipitishe kwa moto, baba ataitafuna bila taabu. Lakini mbuzi itoke kwa mchango mwingine, ile 300 msiiguse. Siku ya Mungu waende watu wanne: baba, mama, wewe, na kaka yenu wa Kampemba juu yeye njo mwenyeji. Wawili wenyewe msiwaache peke yao, kuna wenye wataona ni kitu kizuri meza ya watu wawili, lakini wazee ambao hawajazoea pale watakaa wanaogopa hata kuita serveri.

Na isiwe magaribi, iwe mchana. Hapa nitakaa kidogo juu naona hakuna hata mmoja wenu amelifikiria. Mwezi wa 6 njo mwezi wa baridi yetu, Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, usiku digrii zinaweza kushuka chini ya 10, na meza zenye ziko nje kando ya maji, zenye watu wanazipenda kwa foto, usiku huo zitamfanya mama yako akae amejifunika vitenge viwili anangojea tu kuambiwa twende. Jua linazama karibu saa kumi na mbili. Mkila magaribi mtarudi saa ngapi? Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 120, lakini ile barabara unaijua kunishinda, peaje ya kulipia njia, makamyo ya madini yamefuatana kama kamba, moja ikiharibika kwenye mlima wote munalala pale. Mchana jua liko, maji yanaonekana, mama anaona kwenye amekuja. Usiku ziwa ni giza tu.

Tena kuna ile sindano. Mtu mwenye anajidunga insulini mbele ya kula, akijidunga halafu chakula kichelewe, sukari inaweza kumshukia, anaanza kutetemeka, jasho, kichwa kinamzunguka, na hapo jubile imekuwa hospitali. Basi asijidunge ndani ya motokari kwa kukisia kama tutafika saa fulani. Mbele ya safari muulize daktari wake afanye je siku ile, na kwa mkoba wako weka kitu cha sukari cha haraka, hata chupa ya sukre ndogo, kwa ajili ya hatari ile tu. Mtoke Likasi saa mbili ya asubuhi, mpumzike kwa kaka, wazee wanyooshe miguu, wavae nguo zao za jubile kule kule, saa sita na nusu mkae mezani.

Sasa baba.

Wewe unafikiri aliona haya juu ya resto kubwa. Mi sioni vile. Mzee mwenye alitumika kiwandani miaka yote ile, mwenye alilea watoto watano kwa mshahara mmoja, menyu ya ngozi haiwezi kumtisha. Ile kidole yake mi nafikiri ilikuwa inafanya hesabu: hii sahani ni nusu ya mfuko wa unga, hizi mbili ni karo ya mjukuu, na nani kati yao atatoka hapa aende kukopa? Alikataa kula ili bei ipungue sahani moja. Ni yeye alikuwa anawalisha usiku ule, mdogo wangu, kwa kutokula.

Kwa hiyo hata nganda haitamponyesha. Ku nganda atauliza bei ya mbuzi kwa sauti, na atasema ameshakula.

Umeandika hakuna mtu alimlishaka bure. Basi msimlishe. Siku hiyo yeye ni bwana arusi, njo anamtoa bibi yake kisha miaka 50, ninyi mnamsindikiza. Mfanye hivi. Wiki moja au mbili mbele, kaka yenu aende mwenyewe pale, apatane nao chakula cha watu wanne, aulize wazi TVA iko ndani ama iko nje, alipe yote na kinywaji ndani, kesh ama kwa telefone, apewe risiti. Awaambie siku ile menyu isiletwe mezani kabisa, wazee wakikaa tu, chakula kianze kuja. Fakitire nayo isiletwe.

Halafu, usiku wa siku ya posho, watu wakishaenda, ukae na baba ninyi wawili. Umwambie ukweli wote, bei yote, msimfiche, mzee wa hesabu ukimficha atahesabu zaidi. Umwambie: "Baba, tulichanga sisi batano, kila mutu alitoa 60, hakuna mwenye alikopa, na imeshalipwa, haiwezi kurudi." Hayo maneno "hakuna mwenye alikopa" uyaseme polepole, juu ni yale njo alikuwa anayatafuta kwenye menyu. Lakini yawe kweli. Kama kuna mmoja wenu alikopa hiyo 60, mrudishieni leo na mpunguze chakula.

Kisha umpe bahasha. Ndani kuna matabishi (bakshishi) ya maserveri, na makuta kidogo ya kumnunulia mama kitu chochote atakachotamani njiani. Noti ziwe safi, kuna mwenye ataikataa dolari juu ya mpasuko mdogo kama ukucha, na hutaki baba arudishiwe noti mbele ya bibi yake. Umwambie: "Mwenye kualika mama ni wewe. Mwenye kutoa matabishi ni wewe." Umwache alale na hilo neno. Asubuhi yeye njo amwambie mama wanaenda wapi, ninyi msimwambie.

Kwa chakula, kaka aulize kama wanaweza kusonga bukari kwa komande, ikiwezekana iwe hivyo, na samaki bila miiba, kapitene kwa mfano, laini, baba ataimaliza. Mboga za majani kwa wingi. Kwa mama bukari kidogo, samaki na mboga zaidi, maji, na kwa deseri matunda kidogo, ile keki ya jubile muikate nyumbani siku ya posho aonje kipande na watu wake. Msimletee mama vitu vigumu vya majina marefu kwa kufikiri njo atafurahi. Yeye aliuliza wanakulaka nini, basi kitu kimoja tu kiwe kigeni, kitu ambacho hajaonja maisha yake, kikae katikati ya meza, aonje na wote muonje.

Na siku ile kaka anaenda kulipa, asikae tu kwa mapokezi. Aingie, akae kwa meza yenyewe mtakayokaa, akunywe kitu, aangalie. Kiti kiko na mikono ya kushikia ama hapana, juu mzee akikaa kwa kiti cha chini bila mikono kusimama kwake ni kuvutwa na watu wawili. Toka meza mpaka chooni ni hatua ngapi, kuna ngazi ngapi katikati, mtu mwenye sukari anaenda mara nyingi. Umeme ukikatika gurupu, jenereta, inalia upande gani. Meza ya dirishani, kwenye maji yanaonekana, aitaje kabisa na jina lenu liandikwe mbele yake. Haya hayaonekani kwa foto yoyote, lazima mtu akae pale.

Kaka yenu na ile resto ya mataa, umwambie bila kumuumiza. Anataka wazazi waonekane wamefika, ni upendo ule, lakini muziki wa pale baba hatasikia mama anasema nini, na siku ya miaka 50 watu wanataka kusikilizana. Huyu wa mwisho aliyesema oteli kubwa, naona alikuwa karibu na ukweli kuwashinda, mpeni sifa yake. Wale watatu wasiokwenda wataumia, najua, hasa huyu wa mwisho. Waambie mi njo nilisema, wanikasirikie mimi.

Na kama kaka akienda akakuta bei inapita, hata kwa watu wanne, msivunjike moyo na msiongeze deni. Kuleni mchana kwa kaka, bukari yenu ya moto, halafu saa tisa wavae vizuri muwapeleke pale kando ya maji kwa chai na kitu kidogo cha kutafuna. Baba aagize yeye, kwa bahasha yake. Mama atakuwa ameingia.

Foto, mtu mmoja apige, mbili tatu, halafu telefone zirudi mfukoni. Ukirudi Likasi uniandikie mama alikula nini.

Yaya wako